Viti Viko Vingi

Simu ya mwisho mstarini ilikuwa imehama.

Haikuhama mezani, kwa sababu haikuwa na meza. Haikuwa na kioo wala betri. Ilikuwa simu pepe, mfano wa simu uliokaa ndani ya mitambo ya chumba cha nyuma, na mwanamke aliyekuwa akiitazama kwenye kompyuta yake alilipwa kuzipakia simu za namna hiyo programu za benki na za hospitali, kisha kuzivunja kama mwizi, ili mwizi wa kweli akija akute mlango umeshakazwa. Wenzake walimwita Bi Kufuli. Simu pepe hudanganywa mahali ilipo: ukiiambia iko sokoni, inaamini. Hizi zote aliziacha jana yake katikati ya bahari, pasipo mtu. Sasa kidoa cha buluu cha ile ya mwisho kilikuwa nchi kavu, kwenye barabara iingiayo mjini.

Bi Kufuli alipiga miayo, akakirudisha baharini, akaenda kutafuta chai.

Alikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mtambo ulikuwa umepata toleo jipya, na simu zote zilitakiwa kuhamishiwa huko. Kazini kwao kuipeleka simu kwenye toleo jipya waliita kupandisha, na kuirudisha kwenye la zamani waliita kushusha. Siku ya kuanza, vidole vikiwa vizito, aliwaandikia wenzake ujumbe: “Leo napandisha pepo zote.” Alikusudia kuandika pepe. Mzee Kebo, kijana mwenye dhamana ya mitambo, aliyepewa uzee kwa sababu ya mwendo wake wa kujivuta, alimjibu kuwa pepo akipanda asikalie kiti chake, kina mguu mbovu. Naye Bi Kufuli akaandika bila kufikiri: “Viti viko vingi. Akae anapopenda.”

Walicheka wote. Kicheko kilikuwa kimeadimika ofisini mle, na ni vigumu kumlaumu mtu kwa kuchukua kidogo kilichopatikana.

Tofauti ya toleo jipya ilikuwa nyuso. Toleo la zamani lilijua namba za siri tu, hili liliweza kumtambua mwenye simu kwa sura, na ili kulijaribu ilibidi kila simu ipewe sura ya mtu. Kanuni ilitaka sura za kubuni. Sura hizo zilikuwa bado hazijaletwa, na bosi alikuwa ameshaulizia ripoti kwa ile sauti yake ya upole ambayo ni mbaya kuliko ukali. Bi Kufuli alikuwa na video ya bintiye wa darasa la sita akigeuza kichwa kulia na kushoto, akijitia malkia. Ni kwa leo tu, alijiambia. Simu ya mwisho mstarini iliipokea sura ya mtoto kwa mlio mdogo, kama ulimi unaogonga kaakaa.

Siku iliyofuata kidoa kilikuwa kimetoka tena baharini, na safari hii kilifika karibu zaidi. Mzee Kebo alisema kila toleo jipya huja na kasoro zake. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuacha wazi mlango wa chumba cha mitambo, kwa sababu mle ndani, pasipo na dirisha, palikuwa na harufu ya udongo ulionyeshewa. Bi Kufuli alipovaa vipokea sauti vya masikioni kusikiliza simu ile, alisikia mtu akihema, taratibu, kama aliyemaliza kupanda ngazi ndefu.

Nyumbani aliishi na bintiye na shangazi yake, mwanamke aliyewahi kutibu watu wenye mashetani mpaka magoti yake yalipokataa. Jioni ile binti alichukua simu ya mama yake, ambayo siku zote ilimfungukia kwa uso wake.

“Mama, simu yako hainijui.”

Aliisogeza, akaifuta, akageuka kulia na kushoto. Jaribu tena, simu iliandika. Jaribu tena. Mama yake alisema labda ni taa. Kisha akamwita mezani, na mtoto, aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwake, aliitika baada ya muda, kama sauti yake ilikuwa ikitokea mbali. Shangazi aliinua macho kwenye sahani, akamtazama mtoto, kisha akamtazama mama.

Mchana wa kesho yake kidoa kilisimama juu ya mtaa wao wenyewe. Bi Kufuli alifungua kamera ya simu ile, akitarajia kuona kile kiwambo cha kijivu ambacho kamera zote za simu pepe huonyesha kwa kuwa hazina dunia ya kutazama, lakini alichokiona kilikuwa jiko lake, beseni lake lenye ufa, kitambaa alichokitundika asubuhi kwa haraka, vyote vikitazamwa kutoka chini, kwa kimo cha mtoto, na mtazamo ukasogea polepole kuelekea mlangoni, ukasimama, ukageuka kulia, ukageuka kushoto, na kule kuhema kukaongezeka masikioni mwake hadi akahisi joto lake shingoni, na kidole chake kikakimbilia kitufe cha kuzima kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Simu yake halisi ililia. Ilikuwa shangazi, akinong'ona.

“Umefanya nini? Mtoto kaanguka. Macho yake yako wazi, lakini mwenyewe hayupo.”

Aliiwasha tena simu pepe. Upande wa pili alimsikia binti akikohoa, kisha akiomba maji.

Shangazi alikuja na mtoto ofisini kwa teksi. Mzee Kebo, asiyejua aweke wapi mikono yake, aliwafungia mlango na kumpa mkongwe kiti chake kibovu. Shangazi aliomba asomewe kila kilichosemwa tangu mwanzo, nao wakamsomea ujumbe, wakamweleza na habari ya video. Akasema kwamba kwao, watu wa kazi ya kutibu mashetani, kiti si mbao. Kiti ni mtu anayekaliwa na pepo.

“Ulimpandisha, mwanangu, ukamwambia viti viko vingi. Ukamwonyesha na kimoja. Alikaribishwa huyu. Hata yeye simlaumu.”

Kisha akainama kwenye kompyuta, akauliza kwa sauti ya kumpokea mgeni: unataka nini?

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa kwa sauti ya mtoto, ingawa mtoto alikaa pale amefumba mdomo.

“Nimechoka kusimama.”

Bi Kufuli alihisi kitu kinachokaribia huruma. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, ya kila jioni.

Sura za kubuni zilikuwa zimeletwa asubuhi ile. Aliiwekea simu ile sura moja, akaweka nyingine. Jaribu tena, iliandika. Shangazi alisema sura isiyo na mtu haina pa kukalia. Hapo Bi Kufuli akawasha kamera ya kompyuta yake, akajisogeza mbele. Mzee Kebo alimsihi kwa sauti ndogo asifanye hivyo. Aligeuka kulia. Aligeuka kushoto. Ule mlio mdogo ukasikika, na mtoto akavuta pumzi kama aliyeibuka majini, akauliza mbona wote wanamtazama.

“Sasa mshushe,” shangazi alisema. “Ila toleo lenu la zamani halijui nyuso. Akishatoka humo, sijui atakaa wapi.”

“Najua,” alisema Bi Kufuli, akabonyeza.

Simu zote zikarudi kwenye toleo la zamani. Kidoa kikarudi baharini na kutulia. Harufu ya udongo ikaisha, ikabaki ya vumbi na nyaya. Bosi alipiga kuulizia ripoti, na Mzee Kebo akamjibu kuwa toleo jipya limekataa.

Kwenye teksi binti alichukua simu ya mama yake. Ilimfungukia mara moja, akacheza michezo njia nzima. Nyumbani alimrudishia. Bi Kufuli aliitazama simu, nayo ikaandika jaribu tena. Hakushangaa. Aliingiza namba ya siri, akaiweka juu ya kabati, akabaki amesimama katikati ya jiko, mikono imening'inia.

Shangazi alikuwa akimimina chai. Alimsukumia kiti kwa mguu, akamwambia akae, siku ilikuwa ndefu.

“Mama?” binti aliita.

Kimya.

“Mama?”

“Naam,” alijibu hatimaye, kana kwamba sauti yake ilikuwa ikitokea mbali. Alikaa taratibu, akiyapapasa magoti yake kama mtu anayejaribu viatu vipya, akahema pumzi ndefu ya aliyemaliza kupanda ngazi, akatabasamu.

“Afadhali,” alisema. “Nilikuwa nimechoka kusimama.”

Chai ilijaa kikombe, ikamwagikia mezani, na shangazi hakuacha kumimina.