Barua ya Kazi ya Baba Sekela

Mwaka 1956 tulikaa Makongolosi, kwenye kambi ya mgodi wa dhahabu. Asubuhi napika uji wa ulezi, mume wangu Asukile anakunywa akiwa amesimama. Kazi yake ilikuwa kunoa vyuma vya kutobolea miamba. Mashine ya kusaga mawe ilinguruma mchana na usiku, na binti yetu Sekela hakujua kulala bila ngurumo ile. Hata leo nikikumbuka vumbi la kambi, na wanawake tulivyotaniana kwenye foleni ya maji, moyo wangu unarudi kule.

Jumatatu moja mashine ilinyamaza. Bwana mkubwa akasema dhahabu imekwisha, mgodi unafungwa. Kila mfanyakazi apite ofisini kuchukua barua yake ya kazi. Jumamosi karani anaondoka na ofisi inafungwa.

Wanaume hawakwenda. Walikaa nje ya nyumba, wanasikiliza kama mashine itawaka tena.

"Anayechukua barua anafutwa jina," alisema Mika, rafiki wa mume wangu. "Mashine ikiwaka tena, tutaitwa sisi tuliobaki."

Mume wangu akamwamini, maana Mika ndiye aliyemfundisha kunoa. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Unga ulibaki nusu debe. Kwetu Rungwe hatukuwa na pa kurudi, shamba letu ndugu walikwisha kugawana. Nilikuwa nikimtazama Sekela anakula, mimi nasema nimeshiba.

Ijumaa alikuja Kalinga, dereva wa lori, Mhehe. Kila mwezi alileta maharage kutoka Iringa.

"Kamwene, mama Sekela," akanisalimu Kihehe. "Mbona wanaume wamekaa kama kuku walionyeshewa?"

"Wanangoja mashine iwake."

Kalinga akaonyesha minyororo ndani ya lori lake. "Hii unajua ni ya nini? Jumatatu naibeba mashine hiyo. Imekwisha kuuzwa."

Mume wangu akainuka, akatusogelea. Kisha akasema, "Sasa niende wapi? Mimi ni mtu wa mgodi."

"Shemeji, mgodi ni mahali, si kazi. Mikono yako inajua nini?"

"Kunoa vyuma."

"Basi njoo Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa. Wanapasua mawe ya barabara. Vyuma vyao vimekuwa butu, msimamizi anagomba kutwa nzima. Lakini maneno matupu hapokei. Anataka barua ya ulikotoka."

"Mika anasema barua inafuta jina."

"Jina limekwisha kufutwa, ndugu yangu. Barua ni shahidi wako. Usipoichukua kesho, mwakani utamwomba nani?"

"Na Mnyakyusa ataishije Iringa bila ndizi?"

"Utakula ugali kama watu wazima."

Nikacheka, mara ya kwanza wiki ile.

Jumamosi asubuhi tulikwenda ofisini. Mika tulimwita, akakataa. Karani Marcelino alikuwa anafunga masanduku. Alimkabidhi mume wangu barua bila kututazama. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nipe niisome," nikamwambia.

Mume wangu hakujua kusoma, lakini mimi nilisoma mpaka darasa la nne misheni. Barua ilisema hivi: Asukile, kibarua, miaka sita.

"Karani, huyu ni fundi. Kibarua ni nani?"

"Mama, ni neno tu. Wote nimewaandika hivyo. Nina haraka."

"Neno hilo litambebesha mawe."

Mume wangu akanivuta mkono. "Twende, unanitia aibu."

Mimi nikakaa kwenye kizingiti. "Karani akitaka kutoka, aniruke."

Marcelino akanitazama, mwisho akacheka. "Baba Sekela, huyu mkeo ulimpata wapi?" Akaitoa mashine ya chapa sandukuni. Akaandika: fundi wa kunoa vyuma, miaka sita, kazi yake nzuri. Bwana mkubwa akatia sahihi.

Jumatatu tulipanda lori la Kalinga. Ipogolo msimamizi alisoma barua, akampa mume wangu vyuma vitatu butu. Jioni akamwambia, "Kesho uje mapema."

Baada ya miezi kadhaa Mika naye akaja, mikono mitupu, bila barua. Ofisi ya mgodi haikuwapo tena, hapakuwa na pa kuuliza habari zake. Akapewa karai la kokoto. Mume wangu alimsemea mara tatu kwa msimamizi, ndipo akajaribiwa kwenye moto wa kunolea vyuma. Miezi ile yote ilikuwa imepotea bure.

Sasa nanyi wanangu mna kazi za mishahara, na mimi nina wasiwasi nanyi. Kazi huisha bila kubisha hodi. Ikiisha, msikae mkisikiliza. Chukueni barua mapema. Isomeni mkiwa bado ofisini. Kama haitaji mnachokijua, msiondoke.

Siku alipopokea mshahara wa kwanza wa Ipogolo, Asukile alikaa karibu nami, akaifungua ile barua.

"Neno fundi ni lipi hapa?"

Nikaweka kidole chake juu ya neno. Akalitazama, akaikunja barua, kisha akaifungua tena.

"Ngoja, usinionyeshe," akasema. "Nilitafute mwenyewe."