Fundo la Tatu

Kila siku baada ya masomo, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia karakana ya shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Alifagia maranda, akaokota misumari iliyoanguka, kisha akachemsha chai. Watu walimwita Chapuchapu, maana alifanya kila kitu mbio. Alikula mbio, aliandika mbio, hata mswaki aliupiga kama mtu anayefukuzwa. Shangazi yake, fundi wa mashua, aliitwa Polepole, na aliyewahi kumwona akipiga randa hakuuliza kwa nini.

Wiki hiyo karakana ilikuwa na kazi moja kubwa. Mashua ya tanga ya baba yake Chapuchapu ilikuwa imegonga mwamba na usukani wake ukavunjika. Kipande cha chini kilizama, hakikuonekana tena. Mashua hiyo ndiyo iliyowavusha watoto wa ng'ambo kuja shuleni na kuwarudisha kwao. Sasa nafasi zao darasani zilikuwa tupu, na mojawapo ilikuwa ya Kicheko, rafiki aliyekaa dawati moja na Chapuchapu. Mitihani ilikuwa inakaribia. Chapuchapu alimkumbuka sana mwenzake. Hakuna mwingine aliyeweza kumchekesha katikati ya hesabu.

"Dada, bado tu?" baba aliuliza kila alipochungulia mlangoni. "Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Na haraka haraka haina baraka, mdogo wangu," shangazi alijibu bila kuinua kichwa. "Kama tumbo linauma, chai iko jikoni."

Baba alipoondoka, shangazi alimkabidhi Chapuchapu uzi mrefu wa katani.

"Kuna mashua pacha ya ile ya baba yako, imefungwa gatini," alisema. "Mwenyewe yupo pale, nimeshamwambia. Kapime usukani wake. Fundo la kwanza juu kabisa, la pili kwenye bawaba ya chini, la tatu pale usukani unapoishia. Hilo la tatu litakulazimu uingie majini mpaka kiunoni. Usiogope, hapana kina."

Chapuchapu alifika gatini akihema. Mafundo mawili ya kwanza aliyapiga akiwa ameinama juu ya ukingo. Kisha akayatazama maji. Yalikuwa baridi, na yalijaa majani yaliyooza. Kutoka uwanjani wenzake walimwita, "Chapuchapu! Tumepungukiwa mchezaji mmoja!"

"Usukani ni usukani tu," aliwaza. Akakadiria kwa macho, akapiga fundo la tatu, akakimbilia mpira.

"Umepima mpaka chini?" shangazi alimwuliza aliporudi.

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi aliulaza uzi juu ya ubao mnene, ubao pekee wa aina hiyo uliobaki karakanani. Akachora mstari kwa penseli, akachukua msumeno na kukata.

Siku zilizofuata kazi ilinoga. Shangazi aliunyoosha ubao kwa randa, akatoboa matundu ya bawaba, na Chapuchapu akapewa msasa alainishe. Uongo wake aliusahau kabisa, kama wengi wetu tunavyousahau uongo usiotuuma. Mpaka alipouliza swali dogo.

"Shangazi, mbona tunahangaika na huku chini? Si kutakuwa ndani ya maji? Nani atapaona?"

"Huko kusikoonekana ndiko kunakofanya kazi," shangazi alisema. "Upepo ukikaza, ni hicho kipande cha chini kinachoigeuza mashua. Kikipungua, mashua inakuwa kiziwi. Unaiambia geuka, yenyewe inakwenda inakotaka."

Msasa ulisimama mkononi mwa Chapuchapu. Kabla hajasema neno, baba aliingia, uso umechangamka.

"Nimeshapeleka habari ng'ambo! Kesho asubuhi nawaleta watoto wote."

Chapuchapu alimwona Kicheko moyoni mwake, amekaa ndani ya mashua isiyosikia, mwamba uko mbele. Angeweza kunyamaza. Ubao hausemi, na fundo la uzi halisemi. Lakini Kicheko angepanda mashua ile bila kujua lolote.

"Baba, usiwalete," alisema, na machozi yakamtoka. "Usukani ni mfupi. Sikuingia majini. Fundo la tatu nililikisia tu, nikaenda kucheza."

Baba alifoka. "Ulikisia? Na ubao umeshakatwa! Unajua watu wangapi hupanda mashua ile?" Kisha akakaa juu ya gogo na kushika kichwa. Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Shangazi aliweka patasi chini, polepole kama kawaida yake.

"Sketi yako ilikuwa kavu," alisema.

"Nini, shangazi?"

"Siku ile. Nilikutuma uingie maji ya kiunoni, ukarudi na sketi kavu. Macho yangu yaliona, lakini sikuuliza. Kwa hiyo kosa hili ni letu wawili."

Baba alikohoa. "Watatu," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyekuwa nawapigia kelele mlangoni."

Shangazi alifungua fundo la tatu, akamnyooshea Chapuchapu uzi uleule.

"Mimi tena?" Chapuchapu hakuamini.

"Wewe tena. Nenda."

Safari hii hakukimbia. Aliingia majini, meno yakigongana kwa baridi. Alipapasa ubao ulioteleza kwa ukoga mpaka mkono ukafika mwisho wake, akapiga fundo, akapima tena ili kuhakikisha. Wenzake walimwita. "Nina kazi!" aliwajibu.

Aliporudi akichuruzika maji, shangazi hakuutazama uzi kwanza. Aliitazama sketi, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha wakalinganisha. Usukani ulikuwa umepungua shubiri nzima na zaidi.

"Tutautupa?" Chapuchapu aliuliza kwa huzuni.

"Ubao mzuri hautupwi. Tutauunga."

Shangazi aliukata mwisho wa usukani kimshazari, akakata na kipande kilichosalia cha ubao uleule kimshazari vivyo hivyo, ili vilaliane. Wakapaka gundi, wakavibana, wakakaza na bolti. Gundi ilihitaji muda wa kukauka, na watoto wa ng'ambo wakakosa masomo kwa siku nyingine. Baba alimchukua Chapuchapu kwa mtumbwi wa jirani akawaeleze mwenyewe sababu. Ilikuwa vigumu. Mama yake Kicheko alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ahsante kwa kusema kabla mwanangu hajapanda."

Siku ya majaribio walipanda watatu tu. Karibu na mwamba, upepo ulilivimbisha tanga ghafla na mashua ikainama. Baba alisukuma mpini wa usukani. Mashua ikageuka mara moja, ikaupita mwamba kwa mbali. Baba akamshika binti yake bega.

Kesho yake watoto walishuka gatini na mabegi yao. Kicheko alimkumbatia rafiki yake, kisha akachungulia nyuma ya mashua, mahali ambapo mstari wa maungio ulionekana kidogo chini ya maji.

"Mbona usukani mpya una kiraka?"

"Ni mimi," Chapuchapu alisema. "Nilimdanganya shangazi kuhusu kipimo."

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," shangazi alidakia. "Kumbe hata usukani wake!"

Wote waliangua kicheko, na Chapuchapu akacheka nao, masikio yakimwaka kwa aibu. Kisha shangazi akamvuta pembeni.

"Sikiliza, mwanangu. Kila fundi hukosea, hata mimi. Kosa lililosemwa tunaweza kulirekebisha tukiwa bado nchi kavu. Lililofichwa hungoja watu wafike katikati ya maji. Uliogopa, na bado ukasema. Ndiyo maana nilikutuma wewe tena, na nitakutuma kesho."

Alitoa uzi wa katani mfukoni, akamwekea mkononi.

"Kuna mashua nyingine inahitaji kupimwa."

Chapuchapu aliupokea. Kwanza alivua viatu.