Mstari wa Nane

Msusi huyu alikaa mlango wa tatu kutoka kwetu, na mkono wake ulisifika mtaa mzima. Kila msuko aliufunga mwishoni kwa uzi mweusi, mafundo matatu. Ukiyaona tu unajua nani kasuka. Ubaya wake mmoja: alivuta nywele mno. Mteja akilia humwambia, "Vumilia shoga, unataka kupendeza au hutaki?"

Nyumbani alikuwa na mabinti wawili. Mmoja wa kumzaa mwenyewe, akimwita Kipusa. Mwingine wa kambo, aliyemkuta pale alipoolewa. Kipusa alisukwa kwa mkono mwororo huku akibembelezwa. Yule wa kambo alivutwa mpaka nyusi zikapanda, na msusi, sina haja ya kumfichia, alikuwa akifurahia.

Jumamosi moja asubuhi alimkalisha yule wa kambo amsuke mistari minane. Alipomaliza wa saba, mtoto akashika kichwa.

"Mama mdogo, kichwa kinaniuma."

"Nywele mpya lazima ziume. Kitapoa."

Mtoto akazidi kulia, msusi akachoka na makelele yake, mstari wa nane ukabaki timutimu. Jumapili mtoto akatapika. "Kitapoa," akaambiwa tena. Jumatatu shingo ikakakamaa kama ubao. Baba mtu alikuwa safarini, na hapakuwa na mwingine wa kumpeleka hospitali. Jumanne walimzika na mistari yake saba.

Miaka miwili ikapita. Kipusa akaanza kukohoa, kifua kikambana, hapandi hata ngazi mbili. Picha ikaonyesha uvimbe mkubwa kama chungwa nyuma ya mfupa wa kifua. Daktari wa upasuaji, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, akamweleza msusi taratibu.

"Mtoto anapoumbwa tumboni, zipo chembe zinazotakiwa kwenda kwenye viungo vya uzazi. Chache hupotea njia zikabaki kifuani, mgongoni, hata kichwani. Huko zinaweza kuotesha nywele, ngozi, meno. Ni nadra sana, lakini si uchawi."

Siku ya upasuaji, saa nane mchana, daktari alitoka akiwa ameshavua glavu. Alikuwa hamtazami msusi machoni.

"Wewe kazi yako ni kusuka, sivyo?"

"Ndiyo."

"Njoo."

Akampeleka kwenye chumba kidogo chenye sinki. Kwenye trei uvimbe ulikuwa umepasuliwa katikati. Ndani mlikuwa na kipande cha ngozi, upana wa kiganja cha mtoto. Jino moja. Na nywele.

Zilikuwa zimesukwa.

Mistari saba. Uzi mweusi. Mafundo matatu kila mmoja. Pembeni, nywele za mstari wa nane zilikuwa timutimu.

"Nani angeweza kusuka humo ndani?" daktari akanong'ona.

Msusi aliujua mkono: ulikuwa wake.

Mara nesi akaingia mbio. "Dokta, yule binti hapumui vizuri!" Wakatoka wote wawili, msusi akabaki na trei. Alielewa anatakiwa aumalize mstari wa nane, na Kipusa alikuwa anakata roho chumba cha pili.

Akazishika zile nywele. Za baridi. Zinateleza kwa mafuta. Akasuka polepole, bila kuvuta, kwa mara ya kwanza. "Nisamehe, mwanangu," akasema, na hilo neno mwanangu hakuwahi kumwita mtoto yule alipokuwa hai. Uzi hakuwa nao. Akachomoa mmoja kwenye pindo la gauni lake la kijani. Fundo la kwanza. La pili. La tatu.

Chumba cha pili Kipusa akavuta pumzi.

Baada ya siku tisa walirudi nyumbani. Kikohozi kimekwisha, kidonda kinafunga, msusi anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Ijumaa jioni akamwosha Kipusa nywele, akazichana, akaziacha wazi, akamfunga kitambaa.

Jumamosi asubuhi akakifungua.

Mistari minane. Imekazwa mpaka nyusi zimepanda. Saba ina uzi mweusi. Wa nane una uzi wa kijani.

Kipusa akamtazama mama yake kana kwamba hamfahamu vizuri.

"Mama mdogo," akasema, "kichwa kinaniuma."

Msusi hakusubiri. Akambeba mgongoni, akakimbia pekupeku mpaka hospitali, akapiga kelele mapokezi mpaka watu wakasimama. Wakampima mtoto damu. Wakampima maji ya uti wa mgongo. Wakampiga picha ya kichwa. Hawakuona kitu.

"Rudieni kumpima! Amebakiza siku tatu tu!" msusi akalia.

Nesi akamshika Kipusa nywele, akageuza kichwa huku na huku, akatabasamu.

"Punguza hofu, mama. Umemkaza mno, basi. Nywele mpya lazima ziume. Kitapoa."