Maji ya Nusu Saa

Monicah aliishi karibu na soko la Kosele pamoja na mama mkwe wake, Truphena. Mumewe, Fanuel, alikuwa fundi wa ujenzi huko Migori. Wanawake hao wawili walitengeneza sabuni ya kipande, na sabuni yao ilipendwa kwa sababu ilitoa povu jingi.

Sabuni hiyo ilitengenezwa kwa mafuta ya mawese na kostiki. Kostiki ni vipande vyeupe, kama chumvi ya mawe. Huyeyushwa katika maji kwanza, kisha maji hayo huchanganywa na mafuta. Siku zote, Truphena ndiye aliyeshika kostiki. Monicah alikoroga na kukata.

Jumamosi moja mafuta yalikuwa karibu kuungua, na Truphena hakuweza kuacha moto.

"Mke wa mwanangu," aliita, "leo tayarisha wewe kostiki. Kilo moja, maji lita mbili na nusu."

Monicah alifurahi kuaminiwa. Alipima kostiki, akaimwaga kwenye beseni la plastiki. Kisha akachukua jagi la maji, akaanza kuyamimina juu yake.

Beseni likanguruma. Maji yakachemka bila moto, mvuke ukapanda.

"Aa-a! Si hivyo!" Truphena alikuja mbio, akainama kumvuta Monicah nyuma.

Hapo hapo maji yakaruka.

"Wang'a! Jicho langu! Mayie, jicho langu!"

Truphena alianguka magoti, kiganja kikiwa juu ya jicho la kulia. Monicah alikuwa amesoma hadi kidato cha pili, na jambo moja likamjia kichwani: asidi huua alikali. Kostiki ni alikali. Ndimu ina asidi. Alikimbia jikoni, akakata ndimu vipande viwili, akarudi mbio.

"Mama, toa mkono! Fungua jicho nikukamulie ndimu!"

"Tupa hiyo ndimu!"

Sauti hiyo ilikuwa ya jirani yao, Wangwe. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika maabara ya kiwanda cha sukari. Kilio kilimfanya aruke ua wa miti ya mikinduri akiwa na kiatu kimoja tu.

"Lakini ndimu inaua kostiki!" Monicah alilia.

"Itaua na jicho pia! Tupa! Leta maji. Maji matupu."

Walimlaza Truphena kwa ubavu wa kulia, jicho bovu likiwa chini, ili maji yasitiririke kwenye jicho zima. Wangwe alifungua kope kwa vidole viwili. Truphena alimpiga teke, akapiga kelele, lakini Wangwe hakuziachia kope.

"Mimina. Polepole, lakini usikatize."

Monicah alimimina kwa jagi. Maji yalitoka mengi mno, nusu yakamwagika chini bure.

"Chukua birika," Wangwe alisema. "Mdomo wake ni mwembamba. Tunahitaji nusu saa."

Nusu saa! Monicah aliangalia madumu. Kilikuwa kiangazi, na mwenye mkokoteni wa maji hakuwa amepita tangu Alhamisi. Nyumbani palikuwa na dumu moja na nusu tu. Alijaza birika, akamimina. Akajaza tena. Wangwe alitazama saa ya simu yake.

"Dakika ngapi?" Monicah aliuliza.

"Nane."

Nusu dumu ikaisha.

"Inatosha, nyathina," Truphena alinong'ona. "Mwanangu, inatosha. Maumivu yamepungua. Mtakunywa nini?"

"Haitoshi, Mama," Wangwe alijibu. "Kostiki ni kama ute wa bamia. Inateleza na kuingia ndani ya nyama ya jicho. Maumivu yakipungua, yenyewe bado iko ndani inakula."

Dakika ya ishirini na mbili, dumu la pili likalia tupu. Monicah alisimama katikati ya ua, birika mkononi, akapiga ukemi kama mtu aliyefiwa. "Maji! Jamani, maji! Mama anapofuka!"

Asiya, mwenye duka la vyombo ng'ambo ya barabara, alisikia. Aliacha wateja wake dukani, akaja akiburuta dumu la lita ishirini kwa mikono miwili, buibui lake limelowa hadi magotini. Hakuuliza kitu. Aliliinua dumu, akajaza birika.

Dakika thelathini zilipotimia, Bravin, dereva wa bodaboda aliyesikia ukemi, alikuwa tayari langoni. Truphena alikaa katikati, Monicah nyuma na birika. Njia nzima hadi hospitali ya Oyugis alimmwagia maji kidogo kidogo, mengine yakimlowesha Bravin mgongo.

Hospitalini walipokelewa na muuguzi wa macho aliyeitwa Liz. Hakuanza na dawa. Alichukua kikaratasi chembamba, akakigusisha kwenye machozi ya Truphena. Kikaratasi kikageuka rangi ya bluu.

"Hiki kinapima asidi na alikali," Liz alieleza. "Namba ni sifuri hadi kumi na nne. Saba ni katikati, ndiyo iliyo karibu na machozi ya jicho zima. Chini ya saba ni asidi. Juu ni alikali. Wewe uko tisa."

"Tisa na saba zimekaribiana," Monicah alisema kwa matumaini.

"Hapana, dada. Kila hatua moja ni mara kumi. Hatua mbili ni mara mia."

Liz alitundika chupa ya maji ya dripu, akaliosha jicho tena. Kikaratasi cha pili: nane. Akaosha tena. Cha tatu kilitoka kijani.

"Saba?" Monicah aliuliza.

"Saba. Lakini tunangoja. Iliyojificha ndani inaweza kutoka."

Walingoja. Baada ya robo saa Liz alipima tena, na Monicah akafumba macho yake mwenyewe.

"Kijani," Liz alisema. "Nani aliyewaambia muoshe nusu saa? Huyo ndiye aliyeokoa jicho hili."

Siku ya tatu Truphena alikuwa amerudi nyumbani, na Wangwe alikuja kumwona. Monicah alimpa chai, kisha akamuuliza jambo lililomkosesha usingizi.

"Mwalimu alitufundisha asidi huua alikali. Alitudanganya?"

"Hakudanganya. Zikikutana, zinavunjana nguvu, zinakuwa chumvi na maji. Lakini zinapokutana hutoa joto. Unataka joto hilo ndani ya jicho? Na utajuaje ndimu ngapi zinatosha? Ikizidi, asidi nayo inachoma. Maji hayazidi."

"Na kwa nini beseni lilichemka?"

"Kostiki ikikutana na maji hutoa joto kali. Ukimwaga maji kidogo juu ya kostiki nyingi, joto lote linaingia kwenye hayo maji machache. Yanachemka na kuruka. Ukitia kostiki kidogo kidogo kwenye maji mengi, joto linatawanyika."

"Lakini magadi tunayotia kwenye mboga ni alikali pia," Truphena alisema kutoka kitandani, jicho likiwa na bandeji. "Mbona hayachomi hivyo?"

"Hayo ni dhaifu, Mama. Katika maji, sehemu ndogo tu hutoa ukali. Nyingine inangoja. Inatoka, inarudi, mpaka inatulia. Kostiki haingoji. Hufunguka yote mara moja."

Truphena aligeuza kichwa upande wa Monicah.

"Kosa ni langu," alisema. "Niliambiwa kostiki ifuate maji. Sababu sikuambiwa, na huyu mtoto sikumwambia hata hilo."

"Mimi ndiye niliyemwaga, Mama," Monicah alisema, akaanza kulia.

Truphena alinyoosha mkono, akamshika kifundo cha mkono.

Wiki tano baadaye bandeji ilitolewa. Truphena aliona, ingawa pembeni palibaki ukungu mdogo. Walinunua miwani ya kufunika macho, glavu ndefu za mpira na vikaratasi vya kupimia. Sufuria za aluminiamu waliziondoa kabisa, kwa sababu kostiki huzila. Madumu matatu ya maji safi yaliwekwa kando ya beseni, na hayakuguswa kwa kazi nyingine.

Siku ya kuanza tena, Monicah alikwenda moja kwa moja kwenye mwiko.

"Mimi nitakoroga tu, Mama."

Truphena alichukua miwani, akamvalisha mwenyewe, akamkazia mkanda nyuma ya kichwa.

"Anza," alisema, akasimama kando yake. "Maji kwanza."

Monicah alimimina maji. Kisha akatia kostiki, kijiko kimoja. Maji yakapata joto taratibu, yakatulia. Akatia cha pili.