Nishikie Mlango

Fundi lifti alitoka nyumba ya wageni jioni, mvua ikinyunya, kwenda kumnunulia blanketi mtoto ambaye hata hajazaliwa. Shemeji yake, kaka wa mkewe na mwenzake kazini, alibaki kitandani akimcheka.

"Blanketi kwenye joto hili? Utamchemsha mtoto wa watu."

"Wewe lala. Nakuja."

Walikuja mji ule kikazi. Kifaa walichoagiza kilikuwa kimechelewa, wakapewa mapumziko, na Fundi si mtu wa kushinda ndani akitazama mijusi. Huu ulikuwa mji uliojengwa ndani ya msitu wa mvua. Miti ilichomoza katikati ya nyumba, mizizi ilikuwa imeinua lami, na taulo walizoanika tangu wafike zilikuwa bado mbichi. Alinunua blanketi la manjano, akalibana kwapani. Angerudi hapo hapo, yote yasingetokea. Lakini miguu ilimwasha. Akafuata ngazi zilizopanda kuingia mitini, auone mji kutoka juu kabla giza halijaingia.

Ngazi zilimfikisha kwenye jengo jembamba la zege lililoota kuvu. Lifti ya zamani, ya kupandishia watu mlimani. Mlangoni alisimama mwanamume mwenye ovaroli, kiganja chake kimeuzuia mlango usijifunge.

Alinuka udongo mbichi.

"Wewe ni fundi," alinong'ona, na hakuwa anauliza. "Nishikie mlango kidogo. Nakuja."

Hapo ndipo kazi ilipomponza Fundi. Mlango wa lifti ukiwa wazi, lifti haitembei. Ukijifunga inatembea, na kama kuna mwenzako chini shimoni mwake, ndiyo basi tena. Kwa hiyo fundi akiombwa kushika mlango haulizi, anashika. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Yule mtu akajipangusa viganja, akashuka ngazi bila kugeuka. Nasi sote ndivyo tulivyo, tunasema tunakuja huku tunakwenda zetu.

Mvua ikakolea. Yule mtu hakurudi.

"Huyu kaniingiza mjini," Fundi alisema peke yake, akataka kuachia.

Shimoni kukatoka pumzi.

Ndefu... nzito...

"Usiachie."

Aliinamia shimo. "Nani huko?"

"Usiachie... nipo huku chini."

Alivuta mkono. Haukuja. Baridi ya chuma ilikuwa imeshampanda mpaka begani, na katikati ya vidole vyake kuvu la kijani lilikuwa limeanza kuota. Akapiga kelele, msitu ukazimeza; blanketi likamponyoka kwapani. Akamkumbuka mkewe na lile tumbo, na jinsi alivyomwahidi kwamba mtoto atamkuta nyumbani. Akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Kisha mwanga ukapanda ngazi. Shemeji, na simu mkononi.

"Unafanya nini huku? Simu umeiacha kwenye chaji, imeita mpaka imechoka. Dada kashikwa na uchungu!"

"Siwezi kutoka. Kuna mtu shimoni."

Shemeji alichungulia gizani. Naye alikuwa fundi.

"Basi lete nikushikie, upokee."

Fundi alijua. Alipaswa kusema usiguse, na neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini simu ikaita tena, picha ya mkewe ikawaka, naye akanyamaza.

Kiganja cha shemeji kilipogusa mlango, cha kwake kilibanduka.

Mtandao ulikuwa unakatika, akashuka kidogo apate kusikia. Mara sauti ya mtoto mchanga ikamjaa sikioni. Alicheka, akalia tena, sasa kwa furaha.

"Shemeji," sauti ilitoka juu, imepungua. "Fanya haraka. Huku kuna mtu anapumua."

"Nakuja," alijibu, na alikuwa anamaanisha. Akageuka apande.

Ngazi zilikuwa zinashuka.

Akageuka tena. Zilishuka. Kila alikoelekea zilishuka tu, mpaka zikamtema barabarani chini ya taa.

Asubuhi alirudi na mwenye nyumba ya wageni. Walikuta ukuta mtupu wa zege na alama ya kiganja kwenye kuvu. Chini yake lilikuwa blanketi la manjano. Usiku kucha mvua ilinyesha, na blanketi lilikuwa kavu.

"Lifti waliing'oa zamani," mwenye nyumba alisema kwa sauti ya chini. "Fundi mmoja alikuwa shimoni, mwenzake akauachia mlango. Walisema huyo mwenzake alimuaga kabisa, kwamba anakuja."

Polisi walitafuta, wakachoka. Fundi akarudi nyumbani peke yake.

Mkewe alikuwa ameketi kitandani na mtoto, na hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia mzazi habari kama ile. Alilipokea blanketi, akamfunika nalo mwanawe, akatazama mlangoni.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Anakuja," Fundi alisema.

Mkewe alimkazia macho. Kisha akainuka taratibu, akamwekea mtoto mikononi.

"Haya, nishikie mtoto. Nakuja."

Alitaka kumkamata nguo, amzuie, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika. Blanketi lilinuka udongo mbichi. Alisikia ndala za mkewe zikielekea jikoni.

Kisha hakuzisikia tena.