Gauni Ambalo Shangazi Hakulishona

Kila siku baada ya masomo, Mtaalamu alipitia chumba cha kushonea cha shangazi yake, akatupa mkoba juu ya vitambaa na kufungua kompyuta ya mkononi aliyoazimwa na shule. Jina hilo la Mtaalamu alijipa mwenyewe. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, amejifunza kutengeneza kurasa za mtandao kwa mwezi mmoja tu, na tayari alimwona kila asiyeijua kazi hiyo kuwa mbumbumbu.

Siku moja shangazi alisimamisha cherehani, akamwomba amfundishe kutengeneza ukurasa wake mwenyewe, wenye jina lake, kazi yake na picha chache za nguo alizoshona. Mtaalamu alimtazama kuanzia miwani iliyofungwa kwa uzi hadi kandambili.

"Shangazi, haya mambo si ya kukanyaga cherehani," alisema. "Utachanganyikiwa bure. Niachie mimi."

Shangazi akaendelea kukunja pindo.

Mtaalamu aliziangalia nguo zilizotundikwa ukutani: sare za shule, aproni za wapishi, sketi za makarani. Akabetua midomo. Nani angefungua ukurasa ili atazame aproni? Basi akachukua kwenye kurasa za mafundi wengine picha za magauni ya harusi yenye shanga na mikia mirefu, akaandika chini yake, "Kazi ya mikono yangu." Nusu saa haikuisha, ukurasa ukawa mtandaoni. Shangazi alipotaka kuuona, aliambiwa asijisumbue, hangeelewa kitu.

Siku ya nne akaja nesi aliyekaribia kuolewa. Alimwonyesha shangazi simu yake, akasema anataka gauni kama lile la tatu. Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema hajawahi kushona gauni kama hilo. Nesi akamwonyesha jina la shangazi, limekaa juu kabisa kwa herufi kubwa.

"Kumbe unajipamba kwa vya watu," nesi alisema. "Kama picha umeiba, kitambaa changu nitakuachiaje?"

Akatoka bila kuaga. Miaka ishirini shangazi alikuwa ameshona katika mtaa ule, na hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Mtaalamu alifikiria kusingizia mtandao, lakini alipomwona shangazi akikunja upya kitambaa kilichokwisha kukunjwa, alikiri yote.

Shangazi hakufoka. Alimtazama kama atazamavyo kitambaa kilicholiwa na mende.

"Umenidharau mimi, ukaidharau kazi yangu, kisha ukalitumia jina langu kudanganya watu," alisema. "Na unajiita mtaalamu. Kwanza nenda kamwambie yule dada ukweli. Ukirudi, vuta kiti unifundishe."

Mtaalamu alimkuta nesi kazini, kwenye zahanati. Nesi alimsikiliza huku akipanga bandeji, wala hakuinua macho. Alisema ameelewa, ila kazi ya gauni ameshampa fundi mwingine.

Jioni hiyo walizifuta picha zote za wizi, wakaanza upya. Mtaalamu alieleza kwamba kila kichwa cha habari huandikwa kati ya alama mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Walipomaliza, ukurasa mzima ulitokea kwa herufi nene. Mtaalamu alihangaika kutafuta kosa. Shangazi aliyasoma maandishi yale yenye alama mstari baada ya mstari, polepole, kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa ulifungua," alisema. "Hukufunga."

Ilikuwa kweli. Mtaalamu aliona haya hadi masikio yakamwaka. Akarekebisha, wakapiga picha za sare na aproni karibu na dirisha, wakaandika sentensi tatu tu, zote za kweli.

Wiki tatu baadaye akaja mwalimu wa kwaya, akataka kushonewa majoho kumi na sita. Alisema aliikuza picha ya aproni, akaona mshono ulivyonyooka.

Alipoondoka, shangazi alimgeukia mpwa wake.

"Ukurasa wa mtu ni kauli yake," alisema. "Ukiandika uongo, unawadanganya hata watu usiowajua, na hutaweza kuwafuata wote kuwaomba radhi kama ulivyomfuata nesi. Tena usimcheke anayeuliza. Anayeuliza yuko njiani kujua. Anayejiona amejua yote ndiye aliyekwama."