Mmea Uliodai Kivuli

Kilichomshtua Vestina kwanza ni ugali kupoa. Mumewe Kasimiri hakuwa mtu wa kuacha ugali upoe. Alimkuta nyuma ya nyumba, jua la utosini, ameinama juu ya ule mmea alioupanda Jumapili, mikono ameitandaza.

“Baba Ida, unafanya nini?”

“Unaungua,” akanong’ona. “Naukinga.”

Mmea ulitoka msitu wa Yakobi, walikozikwa wakubwa wa zamani. Mwingereza aliyemwajiri Kasimiri kutunza bustani, pale Njombe, alitaka maua ya chini ya miti mikubwa, yale yanayokauka kiangazi na kuchipua tena masika kutoka kiazi kile kile. Kasimiri akachimba mawili, moja akaleta kwake. Desturi ilitaka atie unga shimoni na kupiga makofi ya kuomba. Aliogopa padri angesikia, basi akayaacha mashimo wazi, akajiona Mkristo safi. Kwa Mzungu mmea ulipata miti ya kuufunika. Kwa Kasimiri hapakuwa hata na kichaka.

Ikawa kila siku. Kazi akaiacha, akakonda, akanuka majani yaliyooza. Vestina akabaki na shamba, kuni, maji, na binti yao mdogo Ida. Alichoka, jamani! Alichoka mpaka kusali aliona mzigo. Siku moja akajaribu kumvuta mumewe mkono, na chini ya miguu yao akasikia kitu kikihema taratibu, kama mtu aliyeshiba akalala, na kila kilipohema Kasimiri naye akatetemeka, na kivuli chake, ambacho jua lile lilipaswa kukikoza, kikazidi kufifia mpaka Vestina akaweza kuhesabu changarawe zilizokuwa chini yake.

Akamwita shangazi Dorika, mjuzi wa dawa. Bibi akasalimia kwa mbali, hakutaka hata kuketi.

“Kamwene, mwanangu. Watu wa pwani wangesema jini. Sisi tunamwita mwenye msitu. Mrudishe kwao, kiazi kizima na udongo wake, na yale mashimo uyatie unga, uyafukie. Usikikate. Ukichelewa, atammaliza mumeo.”

“Peke yangu, shangazi? Mpaka Yakobi?”

“Miguu yangu imekwisha, mwanangu.”

Kesho yake Vestina akachimba. Kiazi kilikuwa kikubwa kama kichwa cha mtoto, tena cha moto. Akaifikiria njia, vilima vile, Ida wa kukokotwa mkono. Hakuweza. Akakikatakata kwa jembe, akavifukia vipande pale pale. Kasimiri akaanguka, akalala fofofo. Vestina naye akajilaza ubavuni mwake, akilia kwa furaha. Na huyu ni mwanamke aliyepanda viazi vya vipande maisha yake yote! Uchovu humsahaulisha mtu hata jembe lake.

Mvua ikanyesha, vipande vikachipua. Jua lilipowaka, Kasimiri aliinuka, akaenda kuinama juu ya chipukizi la kwanza. Vestina alitaka kupiga yowe, lakini miguu ikampeleka kwenye la pili, na mgongo ukapinda wenyewe.

“Ida,” akaita kwa shida, “kaa ndani, mwanangu. Usitoke.”

Ida alikuwa ameshatoka. Alisimama mbele ya chipukizi la tatu, dogo, la kimo chake, akalitazama kwa huruma.

“Pumzika, mama,” akasema, akiitandaza mikono. “Hili nitalikinga mimi.”